UZI: Skinner's Horse, kikosi cha farasi cha chotara aliyenyimwa kazi na Kampuni

Karani Mstaafu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Kwenye ule uzi wa mapigano ya Tanga ya 1914 kuna mwenzetu alisema askari wa Kihindi waliokuja na Waingereza walikuwa "roboti za Mfalme", wakiambiwa piga wanapiga. Nilimwambia nitafungua uzi wangu maana mada ile ilikuwa ya Tanga, nisingependa kuiharibu. Leo naleta habari za kikosi kimoja tu cha wapanda farasi, Skinner's Horse, ambacho kipo mpaka leo katika jeshi la India. Hoja yangu naiweka mezani mapema: wale wapanda farasi wa mwanzo hawakuwa watumwa wala roboti. Walikuwa watu wenye mali yao, wakiikodisha kwa masharti. Ubaya wake na uzuri wake vyote vinatoka hapo.

Uzi ni mrefu. Asiyependa kusoma apite kimya kimya.

Tuanze na mtu mwenyewe. James Skinner alizaliwa 1778, Calcutta. Baba yake, Hercules Skinner, alikuwa Mskoti, ofisa wa jeshi la Kampuni ya Mashariki ya India, kampuni ya biashara ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala sehemu za India. Mama yake alikuwa binti wa Kirajput (jamii ya wapiganaji ya kaskazini mwa India) kutoka familia ya wenye ardhi. Mama huyu alijiua 1790. Baba aliamua mabinti wapelekwe shule, na kwa mwanamke wa Kirajput kuwatoa wasichana nje ya pazia ilikuwa ni kuuvua ukoo nguo hadharani. Hakukubali kuishi aone hilo.

Kijana akapelekwa kujifunza kazi kwa mpiga chapa wa Calcutta. Alikaa siku chache tu, usiku akaruka ukuta akatoroka. Alitaka jeshi. Shida ni kwamba miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 1790 Kampuni ilikuwa imepitisha kanuni kwamba mtu asiye Mzungu wa pande zote mbili hapati uofisa. Baba ofisa, mtoto haruhusiwi. Kwa hiyo akaenda kwa wapinzani: Wamaratha (dola ya Kihindi iliyoshindana na Kampuni) wa mtawala Sindhia, waliokuwa na jeshi la kisasa lililoundwa na Benoît de Boigne, mtu wa Savoy, na baadaye likaongozwa na Mfaransa Perron.

Huko ndiko alikojifunza vita. Mwaka 1800, kwenye mapigano ya Uniara kule Rajputana, alipigwa risasi ya kinena akaachwa uwanjani katikati ya maiti. Alilala pale usiku na mchana bila maji. Akatokea mama mmoja wa Kichamar, tabaka la mafundi ngozi ambalo wengine hawakutaka hata kuguswa nalo, akiwa na kikapu cha mikate na chungu cha maji. Skinner akala, akanywa. Pembeni yake alikuwa amelala ofisa wa Kirajput aliyevunjwa mguu. Yule akayakataa maji. Alisema zimebaki saa chache tu za mateso, kwa nini ajinajisi kwa ajili yake? Skinner aliliandika tukio hili mwenyewe, na baadaye akampelekea yule mama fedha na kumwita mama yake. Pale chini ndipo alipoweka nadhiri kwamba akipona atajenga kanisa. Tutalirudia kanisa hilo.

Napumzika kidogo, nakuja na sehemu ya farasi wenyewe.

Binti Pangani

Nimeweka mkeka wangu hapa mbele kabisa. Endelea mkuu, usitukatie utamu.

Shubiri

Sawa, ila mpaka sasa ni hadithi ya mtu aliyekuwa upande wa Wamaratha. Aliingiaje kwa Mwingereza? Njaa?

Karani Mstaafu

Mkuu Shubiri, swali zuri. Mwaka 1803 Waingereza na Wamaratha wakaingia vitani. Perron akawatilia shaka maofisa wake wote wenye damu ya Kiingereza, akawaachisha. Skinner hakuwa na pa kwenda, akaangukia kwa Jenerali Lake wa Waingereza. Mwezi Septemba mwaka huohuo Lake akashinda nje ya Delhi, na wapanda farasi karibu 2000 waliokuwa wa Perron wakaja kutafuta kazi kwa mshindi. Wakaulizwa wanamtaka nani awaongoze. Jibu lao: Sikandar Sahib. Ndivyo walivyomwita, kwa jina la Alexander yule wa Makedonia.

Sasa shika hapa. Skinner alikubali kwa sharti: hatapigana dhidi ya Sindhia, maana amekula chumvi yake. Na Lake akalipokea sharti hilo. Hebu niambieni, roboti gani anaingia kazini huku anachagua nani wa kumpiga na nani wa kumwacha?

Makao yao yakawa Hansi, eneo ambalo leo lipo jimbo la Haryana. Wakavaa makoti ya njano ya kuiva, na Waingereza wakawapa jina la Vijana wa Njano. Maelezo yanayotajwa sana ni kwamba njano ya zafarani ndiyo nguo ya Mrajput anayetoka kwenda kufa bila nia ya kurudi. Inapendeza masikioni. Mimi naona pia kwamba koti la njano linaonekana mbali kwenye vumbi, na kamanda wa farasi anahitaji kuwaona watu wake. Kaulimbiu yao ilikuwa ya Kiajemi, *Himmat-i-Mardan, Madad-i-Khuda*: ushujaa wa wanaume, msaada wa Mungu.

Nakuja kwenye kiini cha uzi: mfumo wa *silladar*.

Katika jeshi la kawaida serikali inakupa farasi, tandiko, nguo, silaha. Kwa silladar, mtu anakuja na farasi wake, tandiko lake, upanga wake, nguo zake. Serikali inamlipa mshahara mkubwa zaidi kuliko wa askari wa kawaida, lakini humo ndimo anamolisha farasi, anamotengeneza tandiko na anamojilisha mwenyewe. Zilipokuja bunduki za kisasa, hizo tu ndizo zilizotoka serikalini.

Nafasi yenyewe ndani ya kikosi ilikuwa mali. Mtu akiingia anaweka fedha, akitoka anarudishiwa au mwingine anaichukua nafasi yake kwa kulipia. Na kulikuwa na aina mbili za wapandaji. Wa kwanza anapanda farasi wake. Wa pili, *bargir*, anapanda farasi wa tajiri, mara nyingi ofisa wa Kihindi wa kikosi hichohicho mwenye farasi kadhaa, na sehemu ya mshahara inakwenda kwa mwenye mnyama. Mtu wa bodaboda ataelewa mara moja: kuna wa pikipiki yake na kuna wa hesabu kwa bosi.

Kobe Mwendokasi

Hahaha sasa hapo umetupata. Farasi akifa vitani hesabu inakuwaje? Bosi anadai?

Karani Mstaafu

Ndiyo kidonda chenyewe hicho. Katika majeshi ya kale ya Wamaratha waliokuwa na mfumo wa namna hii, wachunguzi waliona mara kwa mara kwamba mpandaji ana moyo wa kukimbiza adui anayekimbia, lakini hana haraka ya kuvaa ukuta wa mizinga. Si uoga. Farasi akifa, mtu mzima anageuka mtembea kwa miguu na familia yake inaingia kwenye deni. Baadaye vikosi viliunda mifuko ya kuchangiana: kila mtu anakatwa kidogo kwenye mshahara, farasi akifa mfuko unasaidia kununua mwingine.

Na maisha ya kambini yalifuata mfumo huo. Wapandaji wawili wawili waliungana kumweka mkata majani mmoja na farasi mdogo au nyumbu wa kubeba. Alfajiri mkata majani anatoka na panga lake dogo, anaparura majani mpaka mizizi, anafunga mzigo, anarudi kabla jua halijawaka. Mkilisha vibaya mnaharibu mali yenu wenyewe, kwa hiyo hakuna ofisa aliyehitaji kupita na fimbo kukagua matumbo ya farasi.

Matokeo yake kikosi cha namna hii kilikuwa rahisi kwa serikali na kilihitaji Wazungu wachache sana. Kikosi chote kingeweza kuwa na maofisa watatu wa Kizungu. Wanaoongoza watu vitani ni risaldar na jemadar, yaani maofisa wa Kihindi, watu wa nyumbani. Wengi wa vijana walikuja na ndugu zao, majirani, watoto wa wajomba, kwa hiyo aibu ya kukimbia ingefika kijijini kabla yako.

Kuna picha ya 1827 aliyochora Ghulam Ali Khan wa Delhi, inaonyesha Skinner akiwa kwenye baraza la kikosi na maofisa wake. Mkiipata mtandaoni itazameni taratibu. Hao si wafagizi wa mtu. Wamekaa kama wazee wa ukoo wanaosikiliza shauri.

Shubiri

Mkuu, unaandika vizuri, ila unawapamba. Tuseme ukweli. Walikuwa vibaraka. Mwenye farasi wake akimtumikia mkoloni kwa hiari, basi kosa lake ni kubwa kuliko la aliyelazimishwa. 1857 Wahindi walipoinuka, hawa jamaa wako walikuwa wapi?

Karani Mstaafu

Walikuwa Multan, mji ambao leo upo Pakistan. Na siwezi kukuficha walichofanya. Tarehe 10 Juni 1857, chini ya Crawford Chamberlain, walishiriki kunyang'anya silaha vikosi viwili vya watembea kwa miguu, cha 62 na cha 69, kabla havijainuka. Walibaki upande wa Kampuni mwanzo mpaka mwisho.

Lakini tazama upande wa pili. Palepale Hansi, nyumbani kwa Skinner's Horse, wapanda farasi wa kikosi cha 4 cha mfumo huohuo wa silladar waliinuka mwezi Mei pamoja na askari wa miguu wa Haryana. Katika vikosi 18 vya farasi vya namna hii kwenye jeshi la Bengal, ni 8 tu vilivyovuka 1857 na kuendelea. Kumi viliasi, au vilivunjwa. Hao wote walikuwa na farasi wao, ardhi ya jamaa zao, kila kitu. Wengine waliona mkataba umevunjwa na Kampuni, wengine wakaona bado unalipa. Ndiyo maana nasema kuwaita roboti ni kuwapunguzia hata lawama. Walichagua, Shubiri. Unaweza kuwalaumu kwa walichochagua, na mimi sitakuzuia.

Shubiri

Hapo angalau tunaongea lugha moja. Basi ni vibaraka wenye akili timamu.

Binti Pangani

Shubiri bwana, umeshinda nini sasa 😂 Mzee Karani, shikamoo. Naomba kujua huyu Skinner mwenyewe walimpa cheo au waliendelea kumwona chotara tu?

Karani Mstaafu

Marahaba binti.

Walimzungusha. Amani ilipokuja, Kampuni ikataka kupunguza gharama, watu wake wengi wakaachishwa na yeye akapewa pensheni. Vita vilipoibuka tena akaitwa. Wakampa ardhi karibu na Aligarh. Miaka nenda miaka rudi alikuwa kanali mbele ya watu wake, ila ofisa kijana wa Kizungu aliyetoka melini juzi angeweza kudai ukubwa juu yake, kwa kuwa cheo cha Skinner hakikutoka kwa Mfalme. Ni mwishoni mwa miaka ya 1820, tayari mtu wa makamo, ndipo alipopata luteni kanali na nishani ya Bath kutoka Uingereza.

Na alikuwa msomi, jambo ambalo wengi hulisahau. Aliandika kwa Kiajemi, lugha ya wastaarabu wa Delhi ya wakati huo. Kitabu chake cha 1825, *Tashrih al-aqwam*, kinaeleza matabaka na kazi za watu wa Hindustan pamoja na picha za rangi: mfumaji, fundi, fakiri, kila mmoja na vifaa vyake. Mtu aliyefukuzwa uofisa kwa sababu ya ukoo, anakaa chini anaandika kamusi ya koo za watu. Mimi hilo hunichekesha na kunisikitisha kwa pamoja.

Kanisa la nadhiri lilikamilika likawekwa wakfu 1836: St James', karibu na Lango la Kashmir, Delhi. Lina kuba kubwa la rangi ya njano na nyeupe. Wakati wa vita vya 1857 mpira wa shaba na msalaba uliokuwa juu ya kuba vilitobolewa na risasi, na baadaye vikawekwa chini kwenye uwanja. Skinner alifia Hansi tarehe 4 Desemba 1841. Alizikwa kwanza hukohuko, kisha mwanzoni mwa 1842 wakamhamishia ndani ya kanisa lake.

Baada yake nitapita haraka, maana miaka mingi ya katikati ni orodha ya majina yanayobadilika. 1861 kikawa kikosi cha kwanza cha farasi cha Bengal. 1900 kilipelekwa China kwenye vita vya Mabondia (uasi wa Wachina dhidi ya wageni), kikawa miongoni mwa majeshi ya mataifa yaliyoingia Peking. Kikosi ndugu chao, cha tatu, kilichoanzishwa na Skinner huyohuyo 1814, kilikwenda Ufaransa kwenye Vita vya Kwanza. Vita hivyo ndivyo vilivyouzika mfumo wa silladar: utanunuaje farasi mbadala kwa mfuko wa kuchangiana, wakati upo Ufaransa na farasi wanauawa na mizinga kila wiki? Baada ya vita mfumo ukafutwa, vikosi 39 vya farasi vikaunganishwa vikabaki 21. Cha kwanza na cha tatu vya Skinner vikawa kimoja 1921.

Mtu wa Mikindani

Mkuu, naunga tela. Kuna wapanda farasi wa Kihindi waliofika huku kwetu? Wazee wetu kusini walisimulia "Mabanyani wa farasi" nikadhani ni chumvi.

Karani Mstaafu

Si chumvi hata kidogo. Ila si Skinner's Horse. Waliokuja ni wengine: sehemu ya kikosi cha 17 walikuwa Afrika Mashariki 1915 na 1916, halafu kikosi cha 25 kikashuka Kilwa 1917 kumsaka Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Wakasogea mpaka misheni ya Lukuledi, upande wa Masasi. Oktoba 1917 Mjerumani akawavamia hapo. Farasi walikuwa wamepangwa na matandiko mgongoni tayari kwa safari, na Lettow-Vorbeck aliandika kwamba kikosi kilipoteza karibu wanyama wake wote, kama 350.

Na ukiacha risasi, kulikuwa na mbung'o. Farasi wa majeshi ya Smuts, jenerali wa upande wa Waingereza, waliomfuata ofisa wake van Deventer mpaka Kondoa 1916 walikufa njiani kwa wingi mno. Mnyama aliyezoea nyasi kavu za Punjab au za Afrika Kusini, unampitisha kwenye pori la mbung'o wakati wa masika. Wenyeji wangeulizwa wangewaambia kwa nini hakuna mtu anayefuga ng'ombe kule.

Mtu wa Mikindani

Lukuledi! Nimesoma pale jirani kabisa, hakuna mwalimu aliyewahi kututajia hilo. Asante sana mkuu.

Kobe Mwendokasi

Na Vita vya Pili? Bado farasi?

Karani Mstaafu

Hapo ndipo historia ilipofanya utani. Skinner's Horse waliwapoteza farasi wao vita vilipoanza, wakapandishwa kwenye malori na magari mepesi. 1940 wakapelekwa Sudan pamoja na Divisheni ya 5 ya India. Wakawa sehemu ya kundi lililoitwa Gazelle Force, chini ya Frank Messervy, kazi yao kupeleleza na kuwasumbua Waitaliano mpakani mwa Eritrea.

Januari 1941 wanawafukuza Waitaliano kuelekea Keru. Alfajiri, nyuma ya kundi, wakatokea wapanda farasi. Farasi hasa, wenye mikia. Walikuwa watu wa Luteni Amedeo Guillet, Mwitaliano aliyeongoza wapandaji wa Kihabeshi, Waeritrea na Wayemeni. Wakaja mbio huku wakipiga bunduki na kurusha mabomu ya mkono katikati ya magari. Wapiga mizinga wa Kiingereza ikabidi wageuze mizinga na kufyatua usawa wa ardhi, kwa umbali mfupi kiasi kwamba makombora yaliteleza kwenye vumbi kabla ya kupasuka. Guillet alipoteza watu wengi, lakini Waitaliano waliokuwa Keru walipata muda wa kurudi nyuma. Inahesabiwa kuwa miongoni mwa mashambulizi ya mwisho ya farasi ambayo jeshi la Uingereza lilikabiliana nayo.

Fikiria ofisa wa Kihindi wa Skinner's Horse pale. Babu yake alipanda, baba yake alipanda, yeye mwenyewe alifundishwa kung'oa kigingi kwa mkuki akiwa mbio. Mwaka uliotangulia wamemnyang'anya farasi wakampa lori. Leo anakaa ndani ya lori anatazama farasi wakimjia.

Guillet aliendelea kuishi mpaka 2010, akafa na miaka 101. Kikosi kikaendelea Keren, jangwa la Afrika Kaskazini, kikamalizia Italia.

Binti Pangani

Na 1947 India na Pakistan zilipogawana? Maana nasikia walikuwa na Waislamu na Wahindu pamoja.

Karani Mstaafu

Waligawana vikosi vya farasi, ambavyo sasa vilikuwa vya vifaru: India 12, Pakistan 6. Skinner's Horse kikabaki India. Lakini ndani ya kikosi kulikuwa na Marajput na Majat wa Kihindu, na kulikuwa na Waislamu, wengi wao pia wa ukoo wa Kirajput kutoka mitaa ileile ya Haryana. Waislamu wakaenda Pakistan. Upande wa pili vikosi vilivyokwenda Pakistan viliwarudisha Masikh na Wahindu wao. Watu waliokuwa wakila mfuko mmoja wa farasi kwa vizazi, miaka 18 baadaye, kwenye vita vya 1965, walikuwa wanatazamana ndani ya vifaru.

Shubiri

Mzee hapa umenigusa. Swali la mwisho: leo kikosi kinaitwaje? Serikali ya India imefuta majina mangapi ya wakoloni, hili wameliacha?

Karani Mstaafu

Wameliacha. Wakati wa Waingereza jina lilibeba pia cheo cha Mtawala (Duke) wa York; sehemu hiyo imeondolewa, Skinner imebaki, na jina ni 1 Horse (Skinner's Horse). Bado wana njano yao kwenye sherehe.

Nadhani imesaidia kwamba Skinner alikuwa mtoto wa mama wa pale. Kesho nikipata nafasi nitafungua uzi wa Gardner's Horse, kikosi kingine cha farasi, huko kuna Govind Singh aliyebeba ujumbe mara tatu kati ya risasi karibu na Cambrai 1917, kila mara farasi akiuawa chini yake.

Kobe Mwendokasi

Farasi watatu? Mfuko wa kuchangiana ungefilisika siku hiyo 😂 Uzi nimeuhifadhi mkuu.